Mkono wa Kuvunja Mkate

Barno alimwona Hamdam kupitia kioo cha mlango wa chumba cha mazoezi hospitalini kabla hajaingia, na kama kila asubuhi tangu mizabibu ya Namangan ilipokuwa bado na majani, moyo ukamruka ukatua pasipo pake. Leo aliukemea. Leo haikuwa siku ya moyo kurukaruka.

Hamdam alikuwa amepiga goti mbele ya mashine, anafuta mikanda yake kwa kitambaa chenye dawa. Aliposikia mlango alisimama, akaweka mkono wa kulia kifuani, akainama kidogo.

"Karibu, Barno. Usta yuko wapi?"

"Baba yuko kwenye ngazi, anagombana na mlinzi. Mlinzi alitaka kumshika mkono ampandishe."

"Mkono upi?"

"Ule mzima! Amemwambia, huo hauhitaji kushikwa, nenda kamshike mkeo."

Hamdam alicheka, kisha akauona uso wake, kicheko kikamkatikia njiani.

"Kuna nini?"

"Baba Mkubwa Nishon kaja nasi leo." Barno alivua shali yake taratibu, ili mikono iwe na kazi. "Alhamisi wanakuja kuniposa wale watu wa Tashkent. Wale wenye duka la mapazia. Baba Mkubwa amesema mkate atauvunja yeye, nyumbani kwake, kwa sababu baba hana mkono."

"Na Usta kasema nini?"

"Kaniambia nimpe kofia yake."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikampa kofia yake."

Kule kwao binti haposwi kwa maneno. Watu wa mvulana huja na mikate iliyofungwa kitambaani, wakanywa chai, wakazungumzia mvua. Baba wa msichana akiuvunja mkate, binti ametoka, amepewa mvulana yule. Asipouvunja, mikate hurudi ilivyokuja, mizima, na hakuna aliyemtukana mtu. Mama Saltanat, mama yake Hamdam, alikuwa amekwenda Chust, nyumbani kwa kina Barno, na mikate yake mara, na mara, na mara tena. Yote ilirudi.

"Sema naye leo," Barno alisema. "Leo ndiyo zamu yake ya mwisho kwenye mashine hii. Ukimwachia aondoke hivi hivi, basi."

"Nimwambie nini? Mama yangu ni mwokaji, Barno. Unajua ilivyo, mwokaji kurudishiwa mkate wake?"

"Najua. Ni mimi niliyekuwa nikiufunga kuurudisha."

"Basi." Hamdam aliushika mkanda mmoja, akaukunja, akaukunjua. "Halafu mimi ndiye ninayemfunga mikanda hii. Siwezi kumwomba mtu binti yake huku nimemfunga kwenye kiti. Hilo si ombi, huo ni utekaji nyara."

Barno hakutaka kucheka lakini mdomo ulimsaliti.

"Sema naye wewe," Hamdam aliongeza kwa sauti ya chini. "Wewe ni mwanawe."

"Mimi sijawahi kumwomba baba kitu. Kila nilichonacho alinipa kabla sijaomba. Sitaanza leo."

"Una shingo ngumu."

"Na yako ni ya pamba?"

Wakatazamana. Hawa wawili hawakuwahi hata siku moja kushikana mikono. Kitu walichokishika wote wawili, kila asubuhi, ni mkono wa kulia wa Usta Turdiali: Hamdam upande wa kiwiko, Barno upande wa vidole, wakiunyoosha kabla ya mashine kuanza. Mapenzi yao yalikua hapo, kila mmoja upande wake, na katikati mkono wa mtu mwingine, umelala kama mtoto asiyejua wazazi wake wanasemezana nini kwa macho.

Na huyo Usta hakuwa mtu wa kuchezewa. Katika mtaa wa mafundi visu wa Chust, wengi walikuwa mafundi, lakini ukisema "Usta", yaani Fundi Mkuu, bila kutaja jina, kila mtu aligeukia karakana ya Turdiali. Kisu chake, wanasema, ukikiacha mezani karibu na nyama, nyama hujikata yenyewe kwa woga. Wanasema pia majogoo wa mtaa ule waliacha kuwika kwa hesabu zao, wakawa wanangoja nyundo yake ndiyo wajue kumekucha. Asubuhi aliyopatwa na kiharusi nyundo ililia mara moja ikanyamaza, na majogoo wakazurura uani mpaka adhuhuri bila kujua kama ni usiku au mchana.

Mguu ulimrudia kwanza, ukiburuta. Ulimi ukafuata, na uliporudi ulikuwa umenolewa. Mkono wa kulia ndio uliobaki huko ulikokwenda.

"Mkwe wangu ameamka?"

Ndiye huyo mlangoni, kofia nyeusi ya Chust imekaa upande, ndugu yake Nishon nyuma yake kama kabati linalohamishwa. Mkwe aliyemuulizia hakuwa Hamdam. Alikuwa roboti. Siku ya kwanza alipofungwa mkono kwenye chuma kile, Usta alisema mbele ya watu kwamba huyu ndiye mkwe anayemfaa: hali, hasemi, wala hapendi michezo ya simu. Tangu siku ile mashine ikaitwa Mkwe, na Hamdam, aliyeiendesha, akabaki "kijana wa mikanda". Kila mara Barno aliposikia neno lile lilimchoma kidogo. Aliona baba anamwonyesha mkwe wa pekee atakayemkubali: wa chuma.

"Ameamka, Usta," Hamdam alisema. "Anakungoja."

"Mkwe gani huyu, hata salamu hatoi." Usta alikaa kitini. "Haya, kijana wa mikanda. Nifunge."

Nyuma yao aliingia pia Bibi Oyimcha, mgonjwa wa mkono wa kushoto, aliyekuwa akija mapema kabla ya zamu yake kila siku kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nyumbani televisheni imeharibika. Alikuwa na birika lake la umeme dirishani na jicho lisilopitwa na kitu.

Barno alimimina chai ya kijani, kidogo kidogo kwenye kila kibakuli, kama anavyomiminiwa mgeni unayetaka aombe tena. Usta akamnyang'anya buli kwa mkono wa kushoto, akamjazia ndugu yake kibakuli mpaka ukingoni, chai ikamwagika kwenye sahani. Kibakuli kilichojaa hivyo maana yake inajulikana: kunywa uende.

Nishon alikitazama. "Turdiali."

"Nisamehe, kaka. Mkono wa kushoto haujui adabu. Ule wenye adabu ndio huu umefungwa."

Bibi Oyimcha alikohoa ndani ya shali yake.

Mashine ikaanza kuvuma, mvumo mdogo kama wa nyuki aliye ndani ya chupa. Kwenye skrini, matufaha mekundu yakaanza kudondoka kutoka juu, na mkono wa Usta, uliokumbatiwa na chuma begani mpaka kwenye kifundo, ukayafuata. Kazi ya mashine ile ilikuwa rahisi kuieleza: mkono ukitaka kwenda, inauacha uende, ukikwama, inausukuma taratibu mpaka ufike. Barno alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, akatoa kofia aliyokuwa akiishona, nyeusi yenye nyuzi nyeupe, akawa anashona huku hashoni.

Tufaha, kikapuni. Tufaha, kikapuni.

"Naona sasa unachuma vizuri," Nishon alisema.

"Nachuma."

"Ila hapo..." Nishon alisogea, akanyoosha kidole. Kwenye skrini kulikuwa na tufaha moja la dhahabu, ambalo halikuchumwa mpaka kiganja kigeuke kielekee juu, kama mtu anayepokea kitu. Mkono wa Usta ulifika, ukatetemeka, ukagoma. Mashine ikavuma zaidi, chuma kikazunguka, kiganja kikageuzwa. Tufaha likaanguka ndani. "Hapo umeona? Anayechuma si wewe. Ni chuma."

Usta alitazama skrini, shavu likimcheza upande mmoja, na Barno akajua Baba Mkubwa amelisema kwa sauti lile ambalo baba yake amekuwa akijiuliza kimoyomoyo kila siku ndani ya gari la kurudi Chust.

"Inamsaidia anapokwama tu, mzee," Hamdam alisema kwa heshima. "Anapoweza, inamwacha."

"Na utajuaje ni lini ameweza?"

Simu ya Nishon ililia. Aliitazama, akanyoosha koti lake. "Watu wa mapazia hao. Kondoo wamempata." Akatoka kwenye korido, sauti yake nene ikizungumzia pilau la watu wangapi.

Usta aliusikiliza mlango ukijifunga.

"Nina njaa," akasema.

"Nina sambusa mkobani, baba."

"Sambusa ni chakula cha mkono mmoja." Aligeuza kichwa. "We kijana wa mikanda. Mama yako hukufungia nini mchana?"

Hamdam alisita. "Mkate tu, Usta. Na zabibu kavu."

"Ulete. Zabibu kula mwenyewe."

Hamdam alikwenda kabatini. Sindano ya Barno ilisimama kitambaani. Kile kitambaa cha buluu chenye pindo jekundu alikijua, amekifunga fundo kwa vidole vyake mwenyewe kila mikate iliporudishwa. Hamdam akakifungua, na mkate ukatoka, mviringo, ukingo wake umetuna na kung'aa, katikati umechomwachomwa kwa muhuri wa misumari wa nyumba yao: ua la mkomamanga. Hakuna mwokaji mwingine Namangan nzima aliyekuwa na muhuri ule.

Bibi Oyimcha aliwasha birika lake. "Mkate mkavu na chai. Nitawachemshia nyingine. Naona hapa leo patahitaji chai."

"Nikufungue kwanza, Usta?" Hamdam aliuliza.

"Nani kakuambia unifungue? Nimezoea kula na mkwe wangu. Uweke hapo mbele yangu."

Mkate ukawekwa kwenye sinia, uso juu. Mkono wa kushoto wa Usta ukatua juu yake.

Barno alisimama. Angeweza kukaa kimya. Baadaye maisha yake yote angekumbuka jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kukaa kimya. Baba ana njaa, mkate uko mbele yake, auvunje, halafu watu wapige kelele, imekwisha. Lakini alimtazama baba yake, mkono mmoja umefungwa kwenye chuma, kofia upande, na kitu ndani yake kikakataa.

"Baba, usivunje."

"Kwa nini? Una sumu?"

"Huo mkate umetoka nyumba ya Mama Saltanat. Ni ule ule tuliokuwa tukiurudisha."

"Kwani nimeuliza ulikotoka?"

"Ukiuvunja..."

"Nikiuvunja nini? Mimi mgonjwa, Barno. Nikumbushe."

Masikio yalimwaka moto. Hamdam alikuwa amesimama hapo hapo, kitambaa cha buluu mkononi, haoni wala hasikii. "Ukiuvunja umenitoa. Na mimi sitaki kutolewa kwa sababu baba yangu alikuwa na njaa. Kama ni kunitoa, nitoe ukijua. Kama hutaki, rudisha, kama ulivyorudisha ile mingine. Lakini kwa ujanja sitaki, hata kama... hata kama ndicho ninachokitaka."

"We msichana, nyamaza mkate ukatike!" Bibi Oyimcha alifoka kwa mnong'ono.

Usta alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anavyotazama kisu dirishani kabla ya kukubali kukipiga chapa yake.

"Hiyo shingo umeipata wapi?"

"Kwako."

"Basi kaa chini uone ilivyotengenezwa."

Mkono wa kulia ukaanza safari. Kutoka kwenye paja mpaka kwenye sinia si mbali, paka angeruka bila kujifikiria, lakini Barno aliona kama anamtazama mtu anavuka mlima wenye theluji. Vidole vikafika. Vikaupapasa ukingo, vikaushika, vikateleza. Usta akavirudisha. Akashika tena, akavuta, na mkate ukamponyoka, ukapinduka hewani, ukaanguka kwenye sinia kifudifudi.

Mkate hauachwi kifudifudi. Hata mlevi wa kule kwao akipita akauona, atainama augeuze. Mikono ikarushwa kwa pamoja, wa Hamdam, wa Barno, na ule wa Bibi Oyimcha ulio mgonjwa.

"Msiuguse!" Usta alinguruma. "Nani kauangusha? Mimi. Basi."

Akapenyeza vidole chini ya mkate. Kuugeuza, ilimbidi ageuze kiganja kielekee juu. Ile ile njia ya tufaha la dhahabu. Ile ile ambayo mkono wake uliigomea tangu mizabibu ina majani. Mshipa ukamtuna shingoni, jasho likatoka chini ya kofia. Kidole gumba kikatikisika, kifundo kikajaribu, kikarudi, kikajaribu. Barno alijikuta na yeye anageuza kiganja chake juu ya goti, polepole, kana kwamba angeweza kumwazima. Alipoinua macho aliona Hamdam naye amegeuza chake.

Kiganja kikageuka. Mkate ukalala juu yake, uso mbinguni, ua la mkomamanga likatazama dari.

Usta hakupumzika. Aliukamata kwa mikono yote miwili, kidole gumba cha kushoto hapa, cha kulia pale, akavuta pumzi, akavunja. Mkate ukalia kama ukuni mkavu. Nusu ikabaki kushoto. Nusu ikabaki kulia, na ile ya kulia haikuanguka.

"Mashallah!" Bibi Oyimcha alipiga paja. "Mkate umetoka nyumba ya mvulana, umevunjwa na baba wa msichana, shahidi niko hapa na akili zangu. Kilichobaki ni pilau!"

Mlangoni alikuwa amesimama Nishon, simu ingali sikioni.

"Mkate wa nani huo?"

Alikuja, akaziunganisha zile nusu mbili kwa macho, akaliona ua. Alikuwa amekunywa chai mbele ya ua lile kila mara lilipokuja na kila mara lilipoondoka. Simu akaikata bila kuaga.

"Turdiali! Umefanya nini?"

"Nimevunja mkate."

"Haihesabiki! Watu nimewapa neno!" Nishon alipiga hatua, akaelekeza kidole kwenye chuma. "Na aliyeuvunja si wewe. Ni hiyo. Mtu kafungwa kwenye mashine, mashine inavuta, mkate unakatika, mnasema binti katoka? Niende Chust niwaambie watu kwamba msichana wa ukoo wetu kaozwa na roboti?"

Furaha ilimtoka Usta usoni kama maji kwenye mchanga. Alitazama mkono wake, akatazama chuma. Hakujua. Mwenyewe hakujua. Akamgeukia Hamdam, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha machoni pake.

"Kijana. Niambie ukweli. Ilinisukuma?"

Hamdam alifungua mdomo. Neno moja tu, hapana, na kila kitu ni chake.

"Sijui, Usta," akasema. "Niliiacha tayari kusaidia. Macho yangu yalikuwa kwenye mkate, sikuitazama. Siwezi kuapa."

Wakati huo Barno alimpenda kuliko siku zote, na papo hapo alitaka kumpiga na birika. Nishon alikunja mikono kifuani. Usta aliziweka zile nusu za mkate kwenye sinia, taratibu, uso juu, na kidevu chake kikaanza kushuka.

Chumba kikawa kimya.

Kimya mno. Barno aliinua kichwa. Alikuwa amekaa kando ya mashine ile msimu mzima, mvumo wake ameushonea kofia, ameuota usingizini.

"Baba Mkubwa," akasema. "Sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Sikiliza tu."

"Sisikii kitu!"

"Ndicho hicho."

Wote wakageuka. Skrini ilikuwa nyeusi. Taa ya juu ilikuwa imezimika, na kwa jua la vuli lililojaa dirishani hakuna aliyeona. Jenereta ya hospitali ilikuwa ya vyumba vya upasuaji tu.

"Umeme umekatika!" Bibi Oyimcha aligusa birika lake. "Nami nashangaa! Nimeliwasha mkate ulipofunguliwa, mpaka sasa ni la baridi kama maji ya mfereji. Umekatika zamani, kabla hata binti hajaanza hotuba yake!"

Hamdam alikuwa ameshapiga goti. Alishika kile chuma, akakiinua kidogo, akakiachia. Kilidondoka kama mguu wa kondoo aliyelala.

"Ikikosa umeme inalegea," alisema. "Haisukumi, haishiki. Inakuwa mzigo tu juu ya mkono." Akamtazama mzee usoni. "Usta, hukubebwa. Wewe ndiye uliyeibeba."

Nishon alisogea. Aliingiza kiganja chake kinene chini ya chuma, akakipima kama anavyopima tikiti sokoni.

"Kizito," akasema.

"Kizito, mzee."

"Na alikuwa nacho hiki wakati anageuza...?"

"Alikuwa nacho."

Nishon aliuchukua mkono wa ndugu yake. Tangu kiharusi hakuwahi kuugusa. Siku ile aliyomwona ameanguka karakanani alilia kama mtoto, na baadaye akawa anauzunguka mkono ule kama watu wanavyozunguka kaburi. Sasa aliushika kwa mikono miwili, na kifua chake kikubwa kikapanda na kushuka.

"Turdiali, mdogo wangu. Fahali wewe." Akaokota nusu moja ya mkate, akaibusu, akaigusisha kwenye paji la uso. Kisha akafuta macho kwa mkono wa koti. "Sasa watu wa mapazia nitawaambia nini?"

"Waambie umeme ulikatika."

Bibi Oyimcha alicheka mpaka shali ikamwanguka. Hata Nishon.

Barno hakucheka. Alikuja akapiga goti mbele ya baba yake, mahali pake pa kila siku, upande wa vidole.

"Baba. Kama ulikuwa unamtaka, kwa nini uliirudisha mikate ya mama yake?"

"Ningeivunja na nini?" Usta alisema polepole, si kwa sababu ya ulimi. "Nimpe kaka Nishon avunje? Mapanga na visu vya bonde hili vimetoka kwenye mkono huu. Halafu binti yangu, wa pekee, atolewe kwa mkono wa kuazima? Nilisema ngoja. Ngoja urudi."

"Ungetuambia!"

"Ningesema nini? Mama Saltanat, samahani, siwezi kuvunja mkate?" Alikunja uso. "Bora anione mkorofi."

"Na mimi ningeolewa Alhamisi na duka la mapazia?"

"Alhamisi iko mbali. Leo ni Jumanne." Kisha akamtupia jicho lile la zamani. "Mtu aliyepooza mkono hajapooza macho, Barno. Kofia hiyo unayoishona tangu kiangazi, unaniambia ni yangu. Kichwa changu si kikubwa hivyo. Humu ndani mwenye kichwa cha ukubwa huo ni mmoja tu, na hata mashine imemzidi kwa kuona, maana yeye hadi leo hajagundua."

Hamdam alijishika kichwa bila kukusudia. Barno aliinamisha uso, akaokota ile nusu ya pili ya mkate, akaumega ukingo. Badala ya kula, alinyoosha mkono juu ya chuma kilicholala, akampa Hamdam. Vidole vyao viligusana kwenye mkate wenye joto la mikono ya watu wote waliokuwa mle, na hapakuwa na mkono wa mtu mwingine katikati.

"Ehe, ehe," Usta alisema. "Bado hatujala pilau. Mkwe, nifungue."

Hamdam hakusogea. Kwa mazoea yake, neno lile halikuwa lake. Aligeuka kuitazama mashine, kana kwamba itajibu.

"Hamdam," Barno alisema, na safari hii aliuacha moyo uruke kadiri upendavyo. "Ni wewe unayeitwa."